Maua ya Nta

Ilianza jana Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, umeme ulipokatika na mama akawasha mshumaa. Nilikuwa hoi kwa kusoma. Nta ilipoanza kunuka, nikamkumbuka yule bibi Mpolandi wa mtaa wa Ngamiani ambaye mama alikuwa akimfulia nguo nilipokuwa mdogo.

Vita vya Pili vya Dunia vilimtoa kwao akiwa mtoto, akaja na mama yake kwenye kambi ya wakimbizi, akazeekea huku. Kila Pasaka alichora mayai kama mama yake alivyomfundisha. Alichovya kichwa cha pini kwenye nta ya moto, akachora maua juu ya ganda, kisha akalitia yai kwenye maji yaliyochemshwa na maganda ya vitunguu yakapoa. Mwishoni aliipasha nta moto, akaipangusa, na maua yakabaki meupe kwenye yai la hudhurungi.

Pasaka moja tulipokuwa kwake, mikono yake ilitetemeka, ua likapinda. Akaliweka yai chini.

“Nimechoka, mjukuu wangu. Nikifa, nani atachora?”

Mama alicheka tu. “Bibi nawe! Utatuzika sote.”

Nilitaka kusema, “Mimi.” Nikaona haya, nikatazama miguu yangu. Pasaka iliyofuata alikuwa ameshafariki.

Leo asubuhi nimekwenda sokoni. Nimeona haya tena, lakini nimemwomba muuza vitunguu maganda.

“Wenzio wananunua vitunguu, we unataka takataka?” akanitania.

“Nataka kuchora mayai, kaka,” nikasema, nikafungua mfuko ayatie.