Ubora wa Kati

Studio ya picha ya Tabasamu iko ukuta mmoja na kibanda changu cha kushonea, kwa hiyo namjua kuliko anavyodhani. Watu walimpa jina hilo kwa sababu siku nzima neno lake ni moja tu, "Tabasamu! Tabasamu kidogo!", ilhali yeye mwenyewe kununa ndiyo kazi yake ya pili. Namtania hivyo waziwazi, na bado ananuna.

Aliponunua kompyuta, fundi aliyekuja kuifunga alimweleza jambo moja kabla hajaondoka. Ukihifadhi picha, alisema, kompyuta huibana ili ichukue nafasi ndogo, na katika kuibana hutupa vitu inavyoona havina maana: vinyweleo, mikunjo, vidoadoa. Akamwuliza ubora upi uwe wa kila siku, ili asiwe anasumbuliwa na swali hilo kila picha.

"Wa juu kabisa utakujazia mashine upesi," fundi alisema. "Wa chini unachafua sura."

"Weka wa kati," Tabasamu akajibu. "Mimi si mtu wa makuu."

Niliyasikia kwa masikio yangu, nikacheka huku nimebana pini mdomoni. Fundi akaweka wa kati, na tangu siku hiyo kompyuta haikuuliza tena. Kwa picha za vitambulisho hakuna aliyelalamika. Nani anahesabu vinyweleo vyake kwenye kitambulisho?

Katika picha zote zilizomo mle, kuna moja aliyoipenda kupita kiasi: ya mtoto wa dada yake, kijana aliyemwita mama mdogo na kumwibia peremende alizowawekea watoto wa wateja. Alimpiga picha hiyo mlangoni mwa studio, kijana akicheka na mtu aliyekuwa barabarani. Baadaye ajali ikamchukua, na simu yake yenye picha nyingine ikapotea siku ileile. Ikabaki hiyo moja ndani ya kompyuta. Kadi ya kamera Tabasamu alikuwa ameshaifuta, kama anavyofuta kadi zote kazi ikiisha.

Sasa hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Mwanamke huyu hakuiacha picha ile itulie. Kila mwaka ukifika mwezi aliokufa kijana, anaifungua. Anaongeza mwanga kidogo shavuni. Anapunguza kivuli cha mlango. Kisha anabonyeza kuhifadhi, juu ya ileile, kwa ubora wa kati. Mwaka unaofuata, vivyo hivyo. Alikuwa anamtunza mwanawe, kama mtu anayekwenda kufagia kaburi. Na kila alipohifadhi, kompyuta ikatupa kidogo tena, kimyakimya, kwa sababu alishaiambia isimsumbue.

Mwaka huu dada yake akaanza kupoteza macho. Daktari hakumficha, alimwambia yanakwenda na hayatarudi. Akaja studio akipapasa ukuta, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mdogo wangu, nitolee mwanangu. Awe mkubwa kama mlango. Vitu vidogo sivioni tena, na nataka nimwone vizuri kabla giza halijanifunga."

"Nitakutolea, dada. Hiyo kazi ndogo."

Dada alipokwisha kuondoka, Tabasamu aliikuza picha, akagonga ukuta kuniita, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikaenda na tepu yangu shingoni. Sura ilikuwepo, ndiyo. Lakini shavu lilikuwa miraba mitupu, kama sakafu ya vigae, na nywele zimekuwa doa moja jeusi.

"Mashine imeharibika?" nikauliza.

"Mashine haina kosa. Ni mimi. Nimemfuta kidogokidogo kwa mikono yangu."

Akampigia fundi. Fundi akamwambia kilichotupwa kimekwenda, hata aletewe mashine gani. Tabasamu akaweka simu mezani, akalia bila kujificha. Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia, nikayameza yote.

Akaichapa hivyohivyo, angefanya nini? Dada alipokuja, tuliibandika ukutani, naye akasimama mbali. Kwa macho yale yenye ukungu, miraba haikuonekana. Akashika mdomo.

"Ndiye! Jamani, ndiye huyu!"

Tabasamu akashusha pumzi. Hata mimi nilidhani tumepona. Lakini dada akasogea, akasogea tena, mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Kovu lake liko wapi? Lile la kwenye nyusi, alipoanguka kitandani akiwa mdogo. Silioni. Ni macho yangu?"

Nakiri, niliomba moyoni Tabasamu aseme ni macho. Ingekuwa rahisi mno, na nani angemlaumu?

"Si macho yako, dada," akasema. "Lilikuwepo. Nimelipoteza mimi, katika kuihifadhi kila mwaka."

Nilingoja dada amtukane.

"Basi lirudishe," akasema. "Si unaweza kuchora humo kwenye kompyuta yako? Lichore, mwanangu asiondoke bila kovu lake."

Tabasamu akafuta machozi kwa mkono wa gauni, akakaa, akashika kipanya. Kazi ya kuchora anaiweza, hilo simnyimi. Akaisogeza picha kwenye kioo cha kompyuta mpaka nyusi zikajaa.

"Nyusi ya upande gani, dada?"

"Ya kulia." Dada akainua kidole kwenye ile picha ya ukutani. Kikatua juu ya nyusi moja, kikaondoka, kikahamia ya pili. "Akinitazama mimi, inakuwa... Ngoja. Nilikuwa nampaka mafuta kwa mkono huu..." Akajaribu mkono mmoja, akajaribu mwingine. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Wewe hukumbuki?"

Tabasamu akatikisa kichwa. "Nilikuwa naiachia picha inikumbukie."

"Hata mimi," dada akasema, na kidole chake kikashuka.