Saidi na Diski ya Olbalbal

Karatu wanamjua Saidi kwa ugonjwa mmoja: hatupi kitu. Kibanda chake cha kutengeneza simu, hapo nyuma ya soko, kimejaa kompyuta za zamani hadi mteja anaingia upande upande. Mkewe, Kauthar, alishachoka kusema. Saidi humjibu kila siku jibu lilelile, kwamba akiba haiozi.

Basi Jumanne moja akaingia Mwalimu Naisula, mstaafu wa Olbalbal, huko Umasaini, na diski moja kuukuu kaifunga kwenye pindo la kanga. Miaka thelathini na ushee nyuma, padri mmoja alipita maboma ya kule akiandika maneno ya wazee kwenye kompyuta yake na kuyaweka kwenye diski hiyo. Baba yake Naisula alikuwamo. Mzee huyo hakumsemesha tena binti yake tangu alipotoroka ndoa akakimbilia shule, akafa hivyo hivyo. Mama mtu ndiye aliyesema, siku zake za mwisho, kwamba mzee alimtaja kwa padri. Alimtaja kwa baraka au kwa laana? Hilo ndilo lililomleta Mwalimu.

Kompyuta za kawaida ziliikataa diski katakata. Lakini kwenye lile rundo mlikuwa na moja ya ukoo wa ile ya padri. Saidi akaiwasha, nayo, bwana wee, ikakohoa ikawaka! Ila diski ilikwaruza vibaya. Ingevumilia kusomwa mara moja tu. Majina ya wazee yakajipanga kwenye kioo, Saidi akaanza kuyasoma kwa sauti. Alipofika la pili, Naisula akamshika mkono.

"Fundi, hao wamekufa. Kwetu marehemu haitwi jina."

Saidi aliona haya. Miaka yote anawatengenezea Wamasai simu, na hilo hakulijua! Akasogeza kiti, Mwalimu akaweka kidole kwenye jina moja, mdomo kaufumba.

Ili maneno yapate pa kuhifadhiwa kabla diski haijafa, Saidi aliunga waya wake mwenyewe kati ya kompyuta hiyo kuukuu na nyingine ya kawaida. Alipojaribu kutuma salamu, yakatoka mapichapicha, kwa kuwa moja ilisema haraka na nyingine ikasikiliza polepole. Akazilinganisha mwendo. Ndipo akatuma maneno ya mzee, na jamani, kila mstari uliofika ulikaa juu ya uliotangulia ukaufuta. Mwishoni diski ikanyamaza kabisa, na kwenye kioo ukabaki mstari mmoja. Saidi alitamani ardhi ipasuke.

"Nisamehe, Mwalimu. Umebaki huu tu."

Naisula akavaa miwani. *Naisula alipotoroka nilimwona. Nikawashika mbwa wasibweke.*

Alilia pale pale, mbele ya wateja wa simu, wala hakujifuta. Saidi naye akageukia ukutani, eti anatafuta bisibisi.

Kumbe hakuna kilichopotea. Kompyuta hizo mbili hazikupatana tu juu ya namna ya kumaliza mstari. Maneno yote yalikuwa yamehifadhiwa, yakisubiri kupangwa. Hadi alasiri Saidi alikuwa ameyapanga yote, ng'ombe, visima na ukame, mpaka kwenye wale mbwa. Ikabaki kuliandikia faili jina. Alibonyeza herufi ya kwanza ya jina la mzee, akasita, akaifuta. Akaandika: Baba wa Naisula.

Mwalimu akainama, akalisoma kwa sauti. Kisha akalisoma tena.