Masomo Niliyomsomea Baba Mdogo

Kijana aliyetuambia kwamba masomo sasa ni ya bure alikuja Kitale na spika mbili, fulana za rangi moja na msichana wa kumpiga picha. Tuliitwa kwenye ukumbi wa kanisa, sisi wazazi na walezi. Mimi nilikwenda kwa sababu nimekuwa mlezi tangu nikiwa kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini. Kijana alitembea mbele yetu akiinua simu yake juu kama mhubiri anavyoinua Biblia. Alisema shule nzima imo humo ndani: vitabu, walimu, mitihani ya zamani, yote bila malipo.

"Hakuna kisingizio tena," alisema. "Mtoto akianguka siku hizi, amependa mwenyewe."

Mama mmoja muuza mboga akauliza, "Na bundles za intaneti?"

Kijana akacheka. "Mama, mbona unakimbilia shida?" Waliokaa mbele, wale waliokuwa wamepewa fulana, wakacheka pamoja naye.

Nilimdharau palepale. Ilikuwa wazi hajawahi kuzima simu mchana kutwa ili ibaki na chaji ya jioni. Hata hivyo nilikaa mpaka mwisho na nikaandika majina ya programu zote alizozitaja. Mdogo wangu alizihitaji, na kumdharau mtu hakujawahi kunizuia kuchukua alichokileta.

Mdogo wangu huyo wa mwisho alikuwa gredi ya nane huko Myanga, kwa baba mdogo. Baada ya mazishi ya mama, ukoo ulikaa kwetu Naitiri ukatugawa. Kaka yetu wa katikati angekuja nami Kitale, na akishakua ajifunze kuchomelea vyuma. Huyu wa mwisho, msichana aliyekuwa bado mdogo sana, angelelewa kwa baba mdogo, kwenye boma lenye baba na mama na ng'ombe wa maziwa. Mimi ningeacha shule, nipange chumba na kusuka nywele saluni; hakuna aliyeniuliza. Baba mdogo alisifiwa kanisani kwa moyo wake, na tangu hapo hakukosa kusema "yatima wangu" kila aliposimama kutoa ushuhuda. Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja shamba lake.

Shuleni kwao Myanga hapakuwa na mwalimu wa hesabu. Aliyekuwepo alihamishwa, na mwingine hakuja. Watoto walinakili maswali kutoka ubaoni na kuyaacha bila majibu. Nikanunua simu ya mitumba, kioo kimepasuka pembeni, nikasajili laini kwa jina langu na kuipeleka mwenyewe. Baba mdogo aliipokea kwa mikono miwili, akaiombea. Kisha akaitia mfukoni.

"Nitamtunzia," alisema. "Atasoma jioni akimaliza kazi. Simu na msichana ni petroli na kiberiti. Lazima mtu mzima akae katikati."

Akakaa katikati.

Video za masomo zinakula bundles, na Myanga mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka. Kwa hiyo nilizitazama mimi saluni, kwa mtandao wa mwenye saluni, nikisuka huku simu imeegemea kopo la mafuta ya nywele. Mteja akiondoka, nilitoka nje nikarekodi somo kwa maneno yangu, fupi fupi, nikalituma kama ujumbe wa sauti. Lile nisiloelewa niliiuliza ile programu ya yule kijana inayojibu maswali. Nilipoiuliza habari za sehemu katika hesabu, ikanieleza kwa kukata pizza. Mimi pizza nimeiona kwenye bango tu, na mdogo wangu hata bango hajaliona. Nikakata chapati. Nasema haki, programu ile niliipenda. Niliiuliza jambo moja mpaka nikaona haya, wala haikunigeukia kuniita ng'ombe kama alivyokuwa akifanya mwalimu wangu wa hesabu.

Binadamu ndio waliokuwa na maneno.

"Sasa hapa ni saluni ama ni tuisheni?" mteja mmoja aliniuliza, kichwa chake nusu kimesukwa.

"Kaa wima," nikamwambia.

"Ati aljebra! Bana, si uweke tu rumba tusikie raha."

Mwenye saluni akadakia kutoka mbele ya kioo, "Mwache. Shule iliyomshinda anataka kuimalizia kwa nywele za watu."

Walicheka mpaka yule mteja akatikisa kichwa na msuko ukanitoka mkononi. Nikauanza upya. Sikuona haja ya kujibu. Mdogo wangu alikuwa anasikiliza, na hilo nililijua kwa hakika, kwa sababu kila sauti niliyotuma ilipata zile alama mbili za kuonyesha imefika, na muda mfupi baadaye zikageuka bluu. Imefunguliwa. Nilizitazama alama zile kama mkulima anavyotazama mahindi yakichomoza.

"Amesikiliza lile la leo tayari," nilimwambia kaka yangu siku moja alipopita saluni kuchukua ufunguo.

"Saa hii? Si ako shule?"

"Labda ni mapumziko."

"Siku hizi wanaingia na simu darasani?"

Nikamwambia arudi kwa vyuma vyake. Nilitaka kuamini, nikaamini. Hata picha haikunishtua. Kwenye laini ile nilikuwa nimeweka picha ya mama. Ikaondoka, ikaja ya baba mdogo amevaa suti, ameegemea gari la mtu. Kila asubuhi alianza kututumia picha za maua zenye maandishi ya baraka. Nilipopiga simu kuongea na mtoto, kila mara alikuwa mahali pengine. Yuko kwa ng'ombe. Yuko mtoni. Amelala.

"Lakini anasoma, baba?"

"Anasoma sana! Mpaka namnyang'anya simu akale."

Muhula wa tatu ulipokwisha, baba mdogo akanipigia mwenyewe, kitu ambacho hakuwa akikifanya kwa salio lake.

"Njoo Jumapili tuongee mambo ya huyu mtoto," alisema. "Hana kichwa cha masomo."

Nilifika Myanga baada ya ibada. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti chake chenye kitambaa kilichofumwa, na mke wake, mama mdogo, anamimina chai. Mdogo wangu aliketi kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa amerefuka. Viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko vyangu, na mimi ndiye nifanyaye kazi ya mikono. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati la baba mdogo, imechungulia nje ili wageni waione.

Alikohoa kama anayeanza mkutano.

"Mungu ni shahidi, tumejaribu," alisema. "Dada yake amenunua simu. Ametuma masomo mpaka simu ikataka kupasuka. Na bado mtoto ameleta alama za mkia. Sasa makosa ni ya nani? Si ya dada. Si yangu."

Mama mdogo akamalizia. Walikuwa wamepanga. "Binamu yangu ako na hoteli Bungoma mjini, anatafuta msichana wa kuosha vyombo. Atakula, atalala, atajifunza kazi. Kesho anaenda. Gredi ya tisa ya nini? Masomo si ya kila mtu, mama. Hata wewe uliacha, na si unakula?"

Niliacha ili huyu asiache. Sasa kuacha kwangu kulikuwa kumewekwa mezani pamoja na chai, kama hoja ya kumtoa yeye. Niliweka kikombe chini. Nikamgeukia mtoto.

"Zile sauti nilizokuwa nikikutumia, zipi zilikushinda?"

Alimwangalia baba mdogo, kisha akaangalia sakafu. "Sauti gani, dada?"

"Za hesabu. Za sayansi."

"Huwa nasikia ukiongea," alisema polepole. "Baba akiwa anafungua simu. Unasema, 'Mdogo wangu, leo,' halafu anafungua ingine. 'Mdogo wangu, leo,' halafu ingine. Nilidhani unasalimia."

Nikautazama mfuko wa shati la baba mdogo.

"Lazima nifungue!" baba mdogo akasema. Hakuwa na aibu hata kidogo. Alionekana kama mtu aliyeonewa. "Kale kanamba ka ujumbe kanakaa hapo juu, kanasumbua macho. Usipofungua kanaongezeka. Simu ikijaa vitu haijafunguliwa inaharibika, uliza mtu yeyote."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Muhula mzima nilikuwa nasimama nje ya saluni, upepo unanipiga, namweleza baba mdogo jinsi ya kugawanya chapati. Yeye ndiye mwanafunzi wangu. Alifungua kila somo bila kukosa hata moja, na hakuna lililomwingia. Kama kulikuwa na mtu asiye na kichwa cha masomo katika nyumba ile, hakuwa ameketi kwenye kigoda.

Wakati huohuo simu ikalia mfukoni mwake. Alijikaza. Alimtazama mke wake, akatazama dari. Kisha mkono ukamshinda, akaitoa, akasoma, na uso ukamlainika. Mtu alikuwa amemtumia maua.

"Baba," nikasema.

"Kama shida ni simu," akafoka, akiigonga mezani, "chukua simu yako! Mimi sikuzaliwa na simu!" Lakini kiganja chake kilibaki juu yake, vidole vimeikunjia.

Nilikitazama kile kiganja. Safari nzima kutoka Kitale nilikuwa nimejiandaa kubembeleza: muhula mmoja zaidi, mwalimu wa jioni, chochote. Nilikuwa nimeheshimu mtu ambaye hakuwepo.

"Baki nayo, baba," nikasema. "Nitaenda na mtoto."

"Uende naye wapi?"

"Kitale. Shule zikifunguliwa ataingia gredi ya tisa."

"Atalala wapi? Kwa hicho kichumba?"

"Ninapolala mimi."

"Ukoo uliamua akae hapa!"

"Ukoo ukinitaka, unajua saluni iko wapi."

Mama mdogo alikuwa amesimama na birika mkononi. "Na jioni nani atakamua?" aliuliza.

Lilimtoka kabla hajalizuia. Baba mdogo alimkata jicho, lakini tulikuwa tumeshasikia sote, na mtoto pia alisikia. Nilimwona akiinua uso. Miaka yote hiyo aliitwa yatima wetu, mtoto wetu, baraka ya boma hili, na sasa tu ndipo mtu alipotaja cheo chake.

"Nenda ukafunge begi," nikamwambia.

"Imefungwa tayari," alisema. "Mama alisema nifunge ya Bungoma."

Akaingia ndani, akatoka nalo. Alikwenda kumpa mama mdogo mkono, kwa sababu mama yetu alituacha na adabu. Mama mdogo akaupokea, macho yake yako zizini. Mimi pia niliaga. Nikasimamisha bodaboda njiani, tukapanda, mtoto katikati yangu na dereva, begi nimelipakata pembeni.

Ndipo baba mdogo akatoka mbio mpaka langoni, simu imeinuliwa juu. Moyo wangu ulitaka kumhurumia. Nilidhani amekumbuka neno la kumwambia mtoto.

"Wewe!" aliniita. "Hiyo laini iko kwa jina lako! Usije ukaifunga, nimepatia watu namba!"

"Twende," nikamwambia dereva.

Dereva alicheka mpaka pikipiki ikayumba. Mdogo wangu hakucheka. Tulipokuwa tumefika barabara ya lami ndipo aliponigeukia, kitambaa chake cha kichwa kinapigwa na upepo, akaniuliza kama shule za Kitale zina mwalimu wa hesabu.

Nilikuwa nimechoka na watu wanaojua kila kitu, kwa hiyo nilimwambia kweli. Sijui. Kesho tutazunguka tuulize, na tukimkosa, masomo tutayatafuta kwa simu yangu, wewe mwenyewe ukiishika.