Lorna Goyen na Trela Lililojaa Hewa

Jioni ile upepo ulipoanza kung'oa mabati ya banda la jirani, nilizima jiko mkate ukiwa haujaiva, nikavaa koti, nikaenda kwa Lorna Goyen. Mwanangu Rhett alikuwa njiani na lori akitokea Ogden, na kila nikimpigia simu haiiti. Hapa Rawlins, ukiwa na mtoto barabarani na simu haiiti, huendi polisi wala kanisani kwanza. Unaenda kwa Lorna.

Ofisi yake iko nyuma ya duka la matairi. Ni chumba kimoja tu, chenye kompyuta, ramani ya karatasi iliyofunika ukuta mzima, na redio ya upepo ya kuzungumza na madereva, ambayo antena yake imefungwa kwa waya juu ya paa. Humo ndimo anamowapangia safari madereva wa kampuni ya akina Brandvold: nani apite wapi, nani alale wapi, na zaidi ya yote, nani asiende. Ni mwanamke mnene, huvua buti akiwa kazini na kukaa na soksi za sufu za marehemu mumewe. Madereva wapya humwita Mama Hapana.

"Marlys, ingia ufunge huo mlango kabla karatasi zangu hazijafika Nebraska," aliniambia.

"Rhett yuko wapi?"

"Kaa kwanza."

"Lorna, nimekuuliza mwanangu yuko wapi."

Akanionyesha nukta kwenye kompyuta, pale pembeni mwa mji. "Hapo, kituo cha malori. Amesimama kujaza mafuta. Tumegombana, akanikatia simu. Halafu mtandao ukafa, kwa hiyo nukta hiyo ni ya tangu wakati ule. Sasa hivi sijui."

Nilijua wamegombania nini kabla hajasema. Barabara kuu kutoka kwetu kwenda Laramie inapita chini ya Mlima Elk. Wazee wa hapa waliwaambia waliokuja kuijenga kwamba pale hapajengwi barabara, wakachekwa. Upepo wa pale hulaza lori ubavu kama mtoto anavyoangusha kopo. Ndiyo maana siku kama ile hutoka tangazo: matrela mepesi yasipite, mazito yaendelee. Na hapo ndipo vijana wanapokosea. Rhett alikuwa amepakia viazi vya kukaanga, vile vya pakiti. Trela lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, hata ufagio usingepata pa kukaa. Kijana akisoma tangazo na trela lake limejaa hivyo, anaona linamsema jirani.

"Kaniambia, 'Lorna, mimi nimejaza mpaka juu.' Nikamwambia, 'Umejaza hewa, mwanangu. Toboa pakiti moja uisikie inavyopumua.'"

"Akasemaje?"

"Kasema mimi mwoga kwa sababu niliwahi kuanguka."

Ni kweli aliwahi kuanguka. Alikuwa akiendesha kwa zamu na mumewe, Butch, miaka watoto wangu wakiwa wadogo. Siku moja ya Machi walikuwa wakirudi na trela tupu, na upepo ukawalaza karibu na Arlington, chini ya mlima ule ule. Butch alitupwa kwenye kitanda kilicho nyuma ya viti, asipate hata mchubuko. Lorna alining'inia kwenye mkanda, anasema, kama paja la ng'ombe buchani, mpaka mtu wa gari la kusukuma theluji alipokuja kuukata. Hukisimulia kisa hicho akicheka, ila mimi huona mkono wake unavyokwenda begani. Alipopona alirudi kwenye usukani, akaendesha mpaka Butch alipofariki, ndipo akaja kukaa kwenye kiti hiki.

Akavuta redio. "Nani yuko kituoni mwenye mzigo mzito? Nataka mzito kweli."

Sauti ikajibu kwa kukwaruza. "Mimi Amos Tillery, bibie. Nina mabomba ya chuma, na wenzangu wawili hivyo hivyo. Tunakuzidi hata wewe ukiwa na buti."

"Amos, nani kakupa ruhusa ya kunipima? Sikiliza. Hapo kuna lori lenye kichwa cha bluu, trela jeupe. Kijana kabeba viazi vya pakiti, na anataka kuondoka. Mbaneni."

Kwa madereva wetu kumbana mwenzako ni wema. Siku ya upepo wenye mizigo mizito huegesha ubavuni mwa wale wepesi, karibu kabisa, wawe ukuta wao. Hakuna anayeomba wala kushukuru. Lakini Amos alielewa kwamba anaombwa kitu kingine zaidi.

"Na mbele pia?" akauliza.

"Na mbele."

Kumzibia dereva njia bila ruhusa yake ni jambo zito kwao. Safari ya mtu haiguswi.

"Atatutukana, Lorna."

"Kwani wewe Amos hujawahi kutu—"

Kitu kikararuka juu ya paa, kikaburuzwa, kikaenda zake. Redio ikabaki inafoka tu kama mafuta kwenye kikaango. Antena ilikuwa imeondoka, nasi hatukujua kama Amos alikubali au alikataa.

Nilisimama. Kituo hakikuwa mbali. Lorna akaenda mlangoni na soksi zake, akaegemea.

"Huoni hata mkono wako huko nje. Nikikuachia utoke nitakuwa na watu wawili wa kutafuta."

"Ni mwanangu."

"Najua ni mwanao. Kaa, kuna supu ya kulungu."

Sikula. Nilimwangalia yeye, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuangalia watu. Hakukaa kulia nami wala kunipa maneno ya kunipoza. Alikwenda kwenye ramani akaanza kuhamisha pini, kila moja dereva wake mmoja. Huyu wa Utah kesho ashuke kwa njia ya Colorado. Huyu aliyeko Sidney asiondoke kabla ya mchana. Mwanzoni moyo uliniuma: wangu amepotea, naye anahangaikia wa watu wengine! Kisha nikaona kila pini anayoigusa anaitaja jina kwa sauti ndogo, jina la kwanza, kama mtu anayefunika watoto blanketi. Jina la Rhett alilitaja pia, na pini yake hakuisogeza. Tangu usiku ule sijawahi tena kumwita Mama Hapana, hata kwa mzaha.

Baadaye mlango uligongwa. Alikuwa Virgil Stroud, anayeendesha gari la kusukuma theluji, ndevu zake barafu tupu. Alitaka kahawa. Hakunitazama vizuri, akasema tu, "Kuna lori moja limelala kule Arlington. Kichwa cha bluu. Trela limepasuka, vitu vyeupe vimenasa kwenye uzio kote, hujui theluji ni ipi."

Niliinuka kitini.

"Dereva?" Lorna aliuliza.

"Walikuwa wameshamchukua. Yu hai, nasikia. Sijui zaidi."

"Vitu gani hivyo vyeupe, Virgil?"

"Vyeupe, Lorna! Nilikuwa naendesha, sikuwa dukani." Ndipo akaniona vizuri. Akavua kofia. "Marlys. Samahani, dada. Sikujua."

Lorna alikaa, akaanza kuvaa buti.

Kulipokaribia kupambazuka upepo ulilegea, Virgil akatupakia kwenye gari lake, tumebanana watatu mbele, kwenda kituoni kwanza, maana Lorna alitaka kuona kama Rhett aliondoka kweli. Kituoni malori yalikuwa yamejipanga safu kwa safu, kama ng'ombe waliougeuzia upepo mgongo. Tulishuka tukapita katikati yake, theluji ikitufika magotini. Kila kichwa cha bluu kilinipa uhai kisha kikaninyang'anya, kwa maana trela lake lilikuwa jekundu, au la mafuta, au la ng'ombe.

Ghafla Lorna alinishika mkono wa koti.

Kati ya malori mawili ya mabomba ya chuma, palikuwa na ufa mwembamba mweupe, na juu yake paa la bluu. Lori la tatu la mabomba lilikuwa limekaa mbele, limeziba njia. Kichwa cha lori kilibanwa kiasi kwamba mlango wake usingefunguka hata upana wa kiganja.

Nililia pale pale, sikujali nani ananiona.

Amos Tillery alishuka kutoka lori lake, mzee mrefu mwenye macho mekundu. "Huyu kijana ametupigia honi usiku kucha. Na matusi yake, mama, sijui kama ni wewe uliyemfundisha."

"Hayo ni ya baba yake," nikasema.

Dirisha la kichwa cha bluu likashuka kidogo. "Mama? Waambie hawa wendawazimu wasogee! Na Lorna mwambie naacha kazi!"

"Acha," Lorna alimjibu kutoka chini. "Njoo uache ukiwa umesimama kwa miguu yako miwili."

"Nilisema trela limejaa!"

"Rhett," Amos akaita, bila ukali wowote. "Yule aliyejaza mafuta mbele yako jana, mwenye kofia ya njano na lori la bluu kama lako."

"Aliyebeba karatasi za chooni? Amefanyaje? Tulisema tufuatane, akaniacha baada ya nyie kuniziba."

"Amelala Arlington. Redioni wamesema bega limevunjika. Wamempeleka Laramie, atapona."

Niliona vidole vya mwanangu vimeshika ukingo wa kioo, halafu vikauachia.

Nikamgeukia Lorna. Nilimkumbatia tu, na koti lake lilinuka kahawa na sufu iliyolowa. "Nishukuru baadaye," alininong'oneza. "Kwanza anitukane, amekuwa akiniwekea matusi tangu jana."

Akampungia Amos, naye akarudi kwenye usukani wake. Injini ya lori la mabomba ikanguruma, theluji ikaporomoka kutoka kwenye chuma, likasogea taratibu mpaka mwanga wa asubuhi ukaingia ule ufa. Lorna alisimama palipoachwa wazi, mikono mifukoni, akisubiri kutukanwa.

Mlango ukafunguka, na mguu wa mwanangu ukashuka kutafuta ngazi.