Hodi Kutoka Ndani ya Tangi

Kwa heshima na taadhima, na kwa sauti ya chini kama ipasavyo, wakaazi wote wa Shangani, pamoja na wale wa Mkunazini wanaojidai hawapendi umbea, wanatangaziwa kwamba marehemu Hashil, aliyezikwa mwaka jana mbele ya mashahidi wa kutosha, amerudi nyumbani. Mlangoni hakupita. Anaishi ndani ya tangi la samaki, sebuleni kwa mjane wake Bi Hind. Anagonga kioo kwa ndani, na anakula wageni.

Tangazo hilo alilitoa Bi Kazija, jirani wa mlango wa pili, kutoka dirishani kwake huku akianika kanga. Lilifika Forodhani kabla kanga haijakauka.

Bi Hind hakulikanusha, na hilo ndilo lililowatisha watu. Mwanamke aliyewahi kumuuliza sheha mbele ya mkutano kama hotuba yake ina mwisho, safari hii alinyamaza. Alinyamaza kwa sababu kugonga alikuwa anakusikia.

Tangi lilikuwa la Hashil. Lilikula ukuta mzima: maji ya bahari, matumbawe yanayofumba na kufumbua kama viganja vya usingizini, na taa ya buluu iliyomfanya kila aingiaye aonekane maiti aliyekwisha kuoshwa. Hashil aliwapenda samaki kuliko wageni, na wageni aliwapenda kuliko mashemeji. Nyumbani kwake hakupiga hodi hata siku moja. Aligonga mlango kwa pete yake ya akiki, mara mbili, akatulia, kisha mara moja. Tok, tok. Tok. Bi Hind akainuka kufungua. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yao.

Siku aliyokufa, Pandu, mvuvi wa Chwaka, alileta jiwe kubwa la baharini lenye matundu, ambalo Hashil mwenyewe alikuwa ameliagiza. Chini watu wanasoma hitma, juu Bi Hind analitia jiwe majini kwa mikono yake, kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho mumewe alichokitaka. Au cha kabla ya mwisho. Kitandani, Hashil alikuwa amemkazia jicho moja, lile jingine likiangalia mlango, maana alikuwa na makengeza, akasema: "Nikifa, usiniletee mtu humu ndani."

Eda ikaisha, na sebule ikaanza kugonga. Tok, tok. Tok.

Samaki wakaanza kutoweka. Hakukuwa na mzoga wala mwiba. Asubuhi maji meupe, mahali pa samaki hapana kitu. Bi Hind akaleta wengine, na kuchagua alikuwa anajua. Alikuwa akienda mwenyewe Chwaka, anachutama mbele ya ndoo za Pandu kama anayechumbia. Asiyekula mbele yake hamchukui. Mwenye tumbo lililobonyea, mwenye pezi lililochanika, anayehema kama aliyepanda ngazi za ghorofa tatu, wote anawaacha. Akifika nyumbani anawatenga kwenye ndoo gizani, wiki kadhaa, na kitendo hicho yeye mwenyewe alikiita kuwakalisha eda. Ndani ya ndoo waliishi, wakanenepa. Ndani ya tangi hawakuamka.

Na ingekuwa samaki tu, angekwisha kuliuza tangi. Lakini palikuwa na Ammar, fundi wa mafriji, mgane mpole mwenye mikono mikubwa, aliyekuja kutengeneza mashine ya kupozea maji akarudi mara nyingi kuliko mashine ilivyoharibika. Mwishowe aliuliza alilokuja kuuliza. Tangi likagonga. Bi Hind akatazama kioo, akamwambia: "Wakikaa samaki wawili humu wiki nzima, ntakujibu."

Ammar alidhani ni madaha. Hakujua kwamba mwanamke yule alikuwa anaomba ruhusa ya maiti.

Samaki hao wawili walikuwa tayari siku ile baada ya alasiri: wadogo, rangi ya chungwa, na mishipi myeupe. Ndoo yao ameiweka juu ya kigoda. Kutoka tangini ameteremsha mpira mwembamba aliouvuta kwa mdomo na kuufunga fundo, maji yanadondoka tone kwa tone kama dripu ya hospitali, ili chumvi na joto wavizoee taratibu. Taa amezizima. Samaki wakihamishwa ghafla hufa kwa mshtuko, na Bi Hind siku ile hakutaka msiba wa aina yoyote.

"Hodi humu!" Bi Kazija huyo, hakungoja karibu, chetezo mkononi, ubani unafuka kama treni.

"Bi Kazija, si leo."

"Leo hasa. Nshasikia vya kutosha, mwanangu. Huyu bwana anafukizwa, anaambiwa maneno mazuri, anakwenda zake. Unamkalia kimya, ndiyo maana anajiona bado mwenye nyumba."

"Moshi haufiki majini."

"Tutaufikisha."

Akainama, akakitia chetezo chini ya meza, ubavuni mwa kimashine kinachovuta hewa ya chumbani na kuisukuma tangini. Kabla Bi Hind hajapata la kusema, mapovu yalianza kupanda yamejaa moshi. Kila moja lilipasuka juu ya maji likaacha ukungu, na harufu ya ubani ikatoka ndani ya tangi, harufu ya chumba cha maiti, ikawajia usoni.

Bi Hind alichomoa waya wa mashine ukutani. Kila kitu kikanyamaza. Hakuwahi kuisikia sebule ile kimya tangu alipoolewa.

Tok, tok.

Bi Kazija alishika mdomo.

Tok.

Ndani ya jiwe la Pandu, kwenye tundu la chini kabisa, kitu kilijivuta kuja nje. Kilikuwa na urefu wa kiganja, kijani na chekundu, magamba kama ya kamba, na mikono miwili iliyokunjwa kifuani mithili ya mtu aliyesimama kusali. Kikapanda mpaka kwenye kioo, mbele ya uso wa Bi Hind. Macho yake yalikaa juu ya vijiti, na kila moja lilikwenda njia yake. Moja likamkazia yeye. Jingine likageuka, taratibu, likaangalia mlango.

"Audhubillahi," alisema Bi Kazija. "Makengeza!"

Mguu wa Bi Hind ulikuwa umekwisha kuinuka kwenda kufungua mlango. Aliuona mguu wake mwenyewe, kwenye giza lile, unakwenda. Akaurudisha.

"Hashil," akasema polepole.

Mkono mmoja ukafyatuka. Kioo kikalia kama kimepigwa nyundo, na ufa mdogo wa nyota ukabaki pale, usawa wa paji la uso wake.

Hapo ndipo alipokasirika. Alichukua jagi la kioo la sharubati, akalizamisha tangini, akalifunika kwa sahani, na Hashil au asiye Hashil akawa ndani yake, anaogelea akizunguka.

"Hodi!" Sauti ya Ammar ngazini.

"Karibu!" alipiga kelele Bi Kazija. "Njoo umuone mwenzio!"

Ammar akaingia, akasema "Shikamoo, Bi Kazija," akaitikiwa "Marahaba," kisha akaliona jagi, na adabu zote zikamwisha. "Nini hicho?"

"Mwenye nyumba," alisema Bi Kazija. "Nimemtoa kwa ubani wangu. Shangani nzima ntaieleza."

Ndani ya jagi kikagonga. Mara mbili. Kikatulia. Mara moja. Ammar alirudi nyuma hatua, lakini hakuondoka, na Bi Hind hilo aliliona.

"Mwambie kaka yako aje Ijumaa akuposee," akamwambia.

"Na samaki? Si ulisema wiki nzima?"

"Nilisema."

"Hind!" Bi Kazija alikuwa ameshika ukuta. "Unaposwa mbele yake? Na mwenyewe anakutumbulia jicho? Huyu ni Hashil, mwanangu, mtazame macho, msikie anavyogonga! Huyu ni marehemu mtupu!"

Bi Hind aliinama juu ya ndoo, akaujaribu mpira kwa kidole. Tone likadondoka.

"Marehemu alikuwa hajui kuogelea," akasema. "Ammar, washa mashine."