Mashua ya Shaba ya Mfaume wa Salale

Mfaume bin Sadallah alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa watu wa Salale, kijiji cha delta, ambao wenyewe si wasemaji. Ukimsalimu akiwa kazini, alikuitikia kwa kuinua tupa juu kidogo, kisha akaendelea kusugua. Watu walimzoea. Walisema Mfaume anaongea kwa mikono, na kama una haraka ya jibu, nenda kwa mkewe.

Kwa miaka sita alichochea moto kwenye meli ndogo ya moshi iliyokokota boriti za mikoko kutoka kwenye vijito mpaka mdomoni mwa bahari. Siku moja bomba likapasuka, mvuke ukamchuna mkono wa kushoto kuanzia kiganja hadi kiwiko. Akarudishwa kwao na ngozi iliyokunjamana kama karatasi iliyoloa ikakauka. Mtu mwingine angeichukia mashine maisha yake yote. Yeye akajenga kibanda nyuma ya nyumba, ukingoni mwa kijito, akaanza kuiunda upya meli ile, ndogo, urefu wa mkono mmoja, ili aone ilikosea wapi.

Alikuwa na tupa tatu, koleo, keekee ya kutobolea na jiliwa la kubania la mti alilolichonga mwenyewe kwa msandali. Tangi la kuchemshia alilitengeneza kwa birika la shaba lililopasuka mdomo. Silinda, pale pistoni inapokwenda na kurudi, ilikuwa ganda la risasi. Nahodha wa meli alipenda kuwapiga risasi viboko wa mtoni akiwa sitahani, na maganda yalibingirika mpaka miguuni mwa wachochea moto. Mfaume alikuwa ameokota manne. Alijua kuwa hakuna fundi wa delta angeweza kutoboa tundu lililonyooka na kulainika kama lile.

Kazi yake ilikuwa na taratibu zake, na yeyote anayetengeneza vyombo vya mvuke nyumbani angefanya vyema kuzifuata. Pistoni aliizungushia uzi wa pamba uliolowekwa mafuta ya ng'ombe, usikaze wala usilegee, ila ujisikie kidoleni kama kidole kingine kinakisukuma. Kabla ya kulehemu alisugua shaba kwa ndimu na majivu mpaka ing'ae, maana lehemu haishiki palipo na uchafu hata wa jasho. Na tangi hakulitia moto kabla ya kulijaribu kwa maji baridi. Alilijaza pomoni bila kuacha hewa, akaziba, akasukumia maji mengine kwa bomba la mwanzi mpaka shaba ilie. Likivuja hivyo, litakulowesha tu. Likivuja kwa mvuke, alisema, na hapo alinyanyua ule mkono wa kushoto badala ya kumaliza sentensi.

Hata maji aliyachagua. Maji ya Salale yana siku zake: bahari ikijaa yana chumvi, ikitoka na mto ukisukuma, yanakuwa matamu. Wakulima wa mpunga wanalijua hilo kuliko sala. Mfaume alichota maji kupwa kukiwa kumekaribia kwisha, mto ukiwa wenyewe, kwa sababu chumvi huganda ndani ya tangi na kuziba njia. Alishaamini kwamba ndivyo lile bomba la meli lilivyopasuka.

Mwezi ule chombo kilipokaribia kukamilika, nchi ilianza kunyamaza. Kwanza ngoma za upande wa milimani zilikoma, kisha wachukuzi wa chumvi wakaacha kupita. Moshi ulionekana kusini siku tatu mfululizo, umesimama wima kama nguzo, hauyumbi ingawa upepo ulikuwapo. Ikasemekana watu wa milimani wameng'oa pamba ya serikali kwa mikono, na kwamba kuna dawa, maji yaliyotiwa mtama na mizizi, ambayo ukipakwa, risasi ya Mjerumani inayeyuka ikikugusa.

Siku hizo ndipo alipofika Nassibu, shemeji yake, ndugu wa tumbo moja wa mkewe Mwanabaraka. Walitoka milimani wao, Wamatumbi. Alikuja na mwenzake aitwaye Abbasi, wote wamefunga kaniki, kila mmoja ana kijiti cha mwanzi shingoni kilichozibwa kwa nta. Mwanabaraka hakuwapo, alikuwa amekwenda msibani Mahege tangu juzi yake.

"Shemeji," Nassibu alipiga kelele toka njiani, "bado unapika uji wa chuma? Dada yangu tumemwoza kwa mtu anayelala na tupa!"

"Karibuni," alisema Mfaume.

"Umesikia, Abbasi? Amesema neno. Leo mvua itanyesha."

Walicheka, wakaketi. Nassibu alikuwa kijana mwenye uso mwepesi, mwoga wa vitu vidogo. Utotoni alilia akiona kaa. Mfaume alimpenda, ingawa hakupata kumwambia. Akamuuliza kwa kidole kuhusu kile kijiti.

"Hii ndiyo dawa yenyewe," Nassibu akajibu, na utani ukamtoka usoni. "Kesho tunavuka. Wenzetu wanakusanyika upande wa Mohoro. Ila usimwambie dada."

Mfaume alitazama chini. Aliwahi kuona fuvu la kiboko lilivyofumuka kwa risasi moja. Alijua shaba, alijua risasi, alijua moto. Alijua kwamba vitu hivi havisikii dua ya mtu wala havimwogopi mtu. Vinafuata kipimo tu. Hayo yote yalikuwa kifuani mwake, na njia ya kuyatoa mdomoni hakuiona. Akaona jambo moja tu analoweza kufanya. Atawaonyesha. Wakiona kwa macho yao kwamba nguvu ya Mjerumani ni moto, maji na chuma kilichopimwa, kwamba hata mtu wa Salale anaweza kuifungua na kuifunga, wataelewa kuwa haiyeyushwi na mtama. Nassibu atavua kile kijiti mwenyewe.

Alasiri ile alikichukua chombo mpaka kijitoni. Majirani wachache walitoka kutazama, kati yao bibi mmoja, Mwajabu, aliyekuwa akianika kamba wadogo. Bahari ilikuwa imesimama, haijai wala haipwi. Mfaume aliwasha makaa ya vifuu chini ya tangi, akangoja. Ndege waliokuwa kwenye mikoko walinyamaza, na kaa waliokuwa wakitembea topeni wakaingia mashimoni wote kwa pamoja, kana kwamba wameitwa.

Kisha pistoni ikatikisika. Tu. Tu. Tu-tu-tu-tu. Rafadha, yale mapanga madogo ya nyuma yanayosukuma maji, yakageuka, na mashua ya shaba ikaondoka mkononi mwa Mfaume ikapasua maji yaliyotulia, peke yake, bila kasia wala tanga.

Mwajabu akaangusha ungo. "Kitu hicho kina mwenyewe," akasema. "Mfaume, mwenyewe yuko wapi?"

Mashua ilifika kati ya kijito, ikapinda, ikaingia kwenye kivuli cha mikoko ya ng'ambo. Hapo moto ukaisha. Mfaume aliona rafadha ikisimama, aliona kwa macho yake. Lakini sauti haikusimama. Kutoka ndani ya mikoko, mbali zaidi ya pale mashua ilipokuwa, iliendelea: tu-tu-tu-tu, nyembamba, ya haraka, kama kuna nyingine huko ndani inayoijibu. Iliendelea kwa muda wa mtu kuvuta pumzi kumi. Kisha kimya.

Aliingia majini akaifuata mashua, maji yakimfika kifuani. Aliporudi nayo, Nassibu alikuwa amepiga magoti ukingoni. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, kidole chake kikatua juu ya silinda.

"Hili ni ganda la risasi."

Mfaume akakubali kwa kichwa.

"Na ndani?" Nassibu akaitikisa. Matone yakamwagika kiganjani. Akayatazama. "Maji. Abbasi, njoo uone. Risasi ya Mjerumani, ndani maji matupu! Na mikoko imeitikia, nyote mmesikia!"

"Tumesikia," Abbasi alisema kwa sauti ndogo.

"Sivyo," Mfaume akaanza. "Mvuke ndio... ukipoa..." Maneno yakamkwama. Watu walikuwa wakimtazama, wengi kuliko aliowahi kutazamwa nao, na wengine walikuwa wanayashika maji ya mashua na kujipaka usoni. Akainua ule mkono wake wa kushoto, ulioungua, ili waone. Nassibu akaushika akaubusu.

"Nilikuwa naogopa, shemeji," alimnong'oneza. "Sikumwambia mtu. Nilikuwa nitoroke njiani, nirudi nyumbani. Sasa siogopi."

Asubuhi walivuka. Mfaume aliwasukumia mtumbwi topeni. Alisimama na maji magotini, mkono juu ya ubavu wa mtumbwi, akaushikilia kidogo zaidi ya inavyohitajika. Nassibu akacheka, akidhani ni utani, akampiga kofi dogo mkononi. Mfaume akaachia.

Mwanabaraka aliporudi aliambiwa kuwa ndugu yake alipita akaenda zake. Siku zikaenda. Vijiji vya barabarani, watu walisema, vimebaki na kuku tu. Nyumba zimefungwa, na ukipita unasikia kinu kinatwanga ndani. Mto ulileta vyungu vizima vinavyoelea, kimoja bado na ugali. Mfaume hakugusa tupa. Kila bahari iliposimama alisikiliza ng'ambo, na hakusikia kitu.

Siku ya kumi na tisa akaja Abbasi, peke yake, mkono umefungwa kwa majani. Aliketi kibarazani, akanywa maji, akaomba mengine. Mwanabaraka akaketi mbele yake, mikono mapajani.

"Tulikutana na askari wamejipanga ng'ambo ya bonde," Abbasi akasema. "Watu wakasita. Nassibu akatoka mbele, akaanza kufanya kwa mdomo, tu-tu-tu-tu. Watu wakacheka, wakaingiwa na moyo, wakamfuata. Mpaka wote wakawa wanafanya hivyo, bonde zima. Kisha ng'ambo wakatujibu, sauti ileile. Ilikuwa bunduki moja, dada. Moja tu, haipumziki."

"Yeye alikuwa wa mbele?"

"Wa mbele kabisa."

"Nassibu?" Mwanabaraka akatikisa kichwa. "Nassibu hakuwa wa mbele hata kwenda kisimani. Nani alimpa moyo huo?"

Abbasi akamtazama Mfaume, akatazama pembeni. Hapo Mfaume akasema. Alisema maneno mengi kuliko aliyosema tangu ndoa yao: habari za tangi, za ganda la risasi, za alasiri ile, za ile sauti iliyojibu, na alivyokusudia. Mwanabaraka alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ulitaka kumzuia," akasema.

"Nilitaka kumzuia."

"Na ulimwambia usiende?"

Mfaume akatazama ng'ambo ya kijito.

"Alikuwa akikuheshimu kuliko baba yake. Neno moja kwako lilikuwa kubwa kwa sababu hukuwa nayo mengi. Ulimwambia, bwana? Kwa mdomo?"

Mwanabaraka akangoja, kama mtu anayetaka kusikia hata sasa. Mfaume akainuka, akashuka mpaka ukingoni mahali pale mtumbwi ulipoondokea, akasimama topeni akielekea kule walikovuka.

"Usiende," akasema.

Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na Mwanabaraka kule kibarazani akajifunika kanga uso.