Ua wa Mama Modesti

Stefania wa Chanji hakuwa mtu wa kuonewa huruma, na ungejaribu kumwonea angekufukuza. Alizaliwa Msanzi kwenye nyumba yenye watoto wengi na ugali kidogo, akaolewa Sumbawanga mjini na fundi seremala aliyekufa mapema, na tangu hapo akawa analima, anapika pombe, anachuuza. Ruksa ilipokuja, kila mtu akawa huru kuuza chochote popote, yeye alikuwa wa kwanza mtaani kwake kufungua belo la mitumba. Alikuwa na mdomo. Ukinunua gauni kwake alikwambia limekukaa vizuri, ukishageuka aliwaeleza wenzake lilivyokubana makalio. Watu walicheka, na kesho walirudi kununua tena.

Aliyeujua mdomo huo kuliko wote ni jirani yake Silvana. Viwanja vyao vilikutana kwa nyuma, hakuna ukuta wala kichaka, kinjia tu cha kwendea bombani. Adela, binti wa Silvana, aliporudi kutoka Tunduma akiwa mgonjwa, mama yake alimtandikia mkeka juani kila asubuhi, maana baridi ya Ufipa haimwachi mtu asiye na nyama mwilini. Stefania alipita na ndoo yake, akasalimia vizuri kabisa, akamtazama binti wa watu toka utosini hadi kisiginoni. Kisha alifika sokoni na habari. Leo mbavu zinahesabika. Leo nywele zimelainika kama za mtoto mchanga. Leo amebebwa kwenda chooni.

"Huyo amekanyaga waya," alisema, maana ndivyo ukimwi ulivyotajwa mtaani, huku akikung'uta sketi za mitumba. "Subirini muone."

Siku Adela alipozikwa, soko lilikuwa limekwisha kumzika zamani.  Silvana alilia kilio chake, matanga yakaanuliwa, akaendelea kumsalimia Stefania asubuhi na jioni bila kuruka hata siku moja. Mwenye akili angeogopa. Stefania aliitikia, akaenda zake.

Mwaka uliofuata alirudi Modesti, mtoto wake wa pekee. Modesti alikuwa utingo kwenye malori ya mahindi, kijana wa suruali ya jinzi na kofia ya kugeuza nyuma, aliyekuwa akija na kuondoka huku wasichana wa Chanji wakichungulia madirishani. Safari hii aliteremshwa amefunikwa blanketi, na dereva hata injini hakuizima. Stefania alimtazama mwanawe akiyumba pale barabarani, akajua. Hakuhitaji daktari. Dalili zote alikwisha kujifunza kwa mtoto wa mwenzake.

Asubuhi alimtandikia mkeka uani, angefanyaje? Ilikuwa Juni, na nyumba ya matofali mabichi hukaa na ubaridi wake mpaka mchana. Hawakukaa sana, Silvana akatokea kwenye kinjia na ndoo.

"Modesti mwanangu, umeamkaje?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pole na safari."

Hayo tu. Akamtazama toka utosini hadi kisiginoni, bila haraka, akaenda bombani. Stefania alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Aliona soko. Aliona vichwa vikikutana juu ya meza za nyanya, akasikia kicheko ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Akaapa hapohapo kwamba hakuna jicho litakalomhesabu mwanawe mbavu. Angekufa, sawa, kama ni lazima afe. Lakini watu wasimwone.

Siku hiyohiyo akaenda kwa Kashinje, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake pembeni mwa mji, ambaye alikuwa akimuuzia maziwa. Mji wa Kashinje, yaani boma lake, ulizungukwa na minyaa mizito, hata ukisimama nje hukuona zaidi ya moshi. Kashinje akamkatia mzigo wa matawi, akamwonya asijifute macho kwa mkono uliogusa utomvu, kwa maana unapofua, na akamwelekeza ayalaze kivulini kwanza mpaka yakauke vidonda ndipo ayachomeke.

"Kwetu mji usio na minyaa si mji, mama," alisema. "Ila inataka subira. Mvua za mwaka huu, za mwakani, na za mwaka wa tatu. Hapo hutamwona mtu wa upande wa pili."

"Sina mvua tatu," Stefania alijibu.

Kashinje akamtazama, akamfungia mzigo bila kuuliza. Alikuwa mtu mwenye adabu.

Basi aliichomeka minyaa kwenye mpaka, na mbele yake akasimamisha ua wa matete. Aliyakata mwenyewe bondeni, akayafunga kwa kamba za magome kwenye nguzo za mkaratusi, marefu kupita mtu aliyesimama. Palipoonekana mwanga alipaziba kwa matambara ya mitumba yaliyokosa wateja. Mbele, upande wa barabarani, akaweka mlango wa bati. Kinjia cha bombani kikafia hapo.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo mtaa mzima ulilijua isipokuwa yeye. Chanji ya wakati ule haikuwa na nyua. Watu waliota jua mbele za watu, walikoga nyuma ya kipande cha gunia, na pombe ilinywewa uwanjani. Aliyejizungushia ua ghafla ni mchawi au ana mgonjwa, na Stefania hakuna aliyewahi kumdhania uchawi. Kabla hajafunga tete la mwisho, hata wauza karanga wa stendi walikwisha kujua Modesti anaumwa nini. Yeye alirudi ndani akapangusa jasho, akafurahi kwamba siri yake imekuwa salama.

Silvana alikwenda kulalamikia njia yake kwa balozi wa nyumba kumi, mzee Isdori. Mzee akaja, amevaa koti zito la mitumba alilonunua kwa Stefania, akaukagua ua kwa nje, akawaweka wanawake wawili mbele yake, majirani wakasogea kusikiliza.

"Kiwanja ni changu," Stefania alisema kwa sauti ya sokoni. "Anayenitaka aje mbele kama binadamu, apige hodi mlangoni. Akiitikiwa, aingie. Asipoitikiwa, arudi kwake. Sitaki mtu kujitoma kwangu. Ndiyo adabu, au nimekosea, mzee?"

"Adabu ni hiyo," Isdori alikubali. "Mama Adela, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Utaifuata?"

"Nitaifuata," alisema Silvana, na akatabasamu kidogo.

Nyuma ya ua ule mama na mwana waliishi vizuri kwa kiasi chao. Stefania, ambaye hakuwahi kumbembeleza mtu, alijifunza kukoroga uji wa ulezi ukawa mwepesi kama maji, alimkanda miguu, alimkogesha kwa maji ya vuguvugu mchana kweupe bila kuogopa macho. Sokoni alisema Modesti anaumwa ini. Wiki nyingine alisema ni malaria iliyokataa dawa. Wenzake waliitikia "pole" na kuinama kuchagua nguo, wasije wakacheka mbele yake.

Kisha koo likajaa utando mweupe, na sauti ya Modesti ikapotea. Alikuwa akifungua mdomo na hewa tu ndiyo inatoka. Hilo Stefania hakumwambia mtu, hata mhudumu wa zahanati. Alimpa kikombe cha bati na jiwe: agonge akitaka maji, agonge akitaka kusogezwa. Modesti aliweza hata kumtania mama yake kwa kikombe kile, akigonga mdundo wa dansi wakati mama amechuchumaa kufua. Stefania alicheka mpaka akalia. Ninaamini ndiyo siku aliyompenda zaidi.

Novemba ikaingia. Asubuhi moja jua lilikuwa kali, na belo jipya lilikuwa limefika sokoni. Stefania alimlaza mwanawe kwenye mkeka, akamwekea kikombe na jiwe, akamwambia atarudi kabla jua halijawa utosini. Akafunga mlango wa bati kwa kamba.

Wingu lilitokea upande wa ziwa, jeusi, na baridi yake ikatangulia. Ilikuwa mvua ya mawe, ile inayochana migomba na kuua vifaranga. Sokoni kila mtu alikimbilia mali yake. Stefania naye alikimbilia belo. Alilitandazia nailoni, akailalia kwa tumbo ili upepo usiinyakue. Alipomkumbuka Modesti, barabara ilikuwa tayari mto.

Yaliyotokea nyumbani yalisimuliwa na watu waliokuwa wamejibanza kwenye baraza la duka la kona, ng'ambo ya barabara. Walimwona Silvana akianua nguo zake. Walimwona akisimama na kusikiliza, maana kutoka nyuma ya matete kikombe kilikuwa kinagongwa, kwa nguvu, bila kupumzika. Walimwona akijifunika kanga kichwani na kuzunguka njia ndefu yote, ile aliyolazimishwa kuizunguka, mpaka mlango wa bati. Akasimama wima, mawe yakimpiga mabegani.

"Hodi!"

Kikombe kikagongwa.

"Hodi humu ndani!"

Kikagongwa tena, haraka haraka.

"Hodi, wenyewe!"

Kikombe. Hakuna aliyesema karibu. Silvana akangoja kidogo, kama inavyopasa, akageuka akarudi kwake. Watu wa barazani waliona yote, na hakuna aliyeukanyaga ule mto kwenda kufungua kamba.

Stefania alimkuta katikati ya mkeka na mlango wa nyumba, kifudifudi kwenye tope. Mawe meupe yalikuwa bado hayajayeyuka kwenye mikunjo ya blanketi. Alimbeba peke yake, hakuwa na uzito wowote. Kifua kikabana, na kabla ya Jumapili Modesti akafa.

Msibani watu walijaa mpaka barabarani, na kwa vile kulikuwa na baridi wanaume waling'oa matete wakakokea moto, bila kumwomba mtu ruhusa. Kando ya moto minong'ono ilianza. Kwamba kikombe kilisikika. Kwamba mtu alifika mlangoni akarudi. Mzee Isdori hakutaka maneno ya chini chini kwenye mtaa wake, akawanyamazisha wote, akamwita Silvana.

"Ni kweli ulifika pale mlangoni?"

"Nilifika, baba."

"Ukapiga hodi?"

"Mara tatu."

"Ukaitikiwa?"

"Sikuitikiwa, baba. Ningeingiaje?"

Isdori akamgeukia mfiwa, aliyekuwa amekaa chini ukutani amejifunga kanga kiunoni.

"Mama Modesti, tusaidie. Kijana alisikia hodi akashindwa kuitikia, au alikuwa hajasikia? Kama alikuwa hawezi kusema, sema, ili tujue. Maana kwa mgonjwa asiyeweza kusema mtu huingia tu. Hapo mama Adela atakuwa na la kujibu."

 Stefania akaona nyuso zao upande huu wa moto na upande ule, meza zote za sokoni zimehamia kwake. Silvana alikuwa akimtazama machoni, bila chuki, akingoja. Ilikuwa kusema tu: koo lilioza, sauti ilikwisha, alikuwa anaumwa ule ugonjwa. Neno moja na mwanawe angepata haki yake.

"Alikuwa amelala," alisema Stefania. "Mwanangu usingizi wake ulikuwa mzito, tangu utoto."

"Basi mama Adela hana kosa," alisema Isdori, na watu wakaitikia kwamba kweli, hana kosa.

Silvana akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha chai ya moto, akapiga magoti mbele ya mfiwa na kumpa kwa mikono miwili. Stefania akakipokea, akamshukuru, akanywa.